Wanaotoka Porini Waulizwe Nini? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilivyogawa bunduki katika vijiji vya Katanga ya kaskazini baada ya vita vya 1998 kuanza, ili wenyeji wapambane na jeshi la Rwanda na waasi wa RCD. Vita vikaisha, bunduki zikabaki kwa Mai-Mai. Leo nalijia swali nililoahidi: mpiganaji anapoliacha kundi lake, kuna faida gani kumkalisha chini na kumhoji sababu?

Mitwaba, hukohuko Katanga, inafaa kuliko mahali pengine popote kwa swali hili. Mei 2006 kamanda wa Mai-Mai Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha pale kwa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, akiwa na wafuasi ambao wengi wao walikuwa watoto. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo mwaka 2009. Septemba 2011 akatoroka gereza la Kasapa, hapa Lubumbashi. Oktoba 2016 akatoka tena porini, upande uleule wa Mitwaba, na mwaka 2020 akatoweka hapa mjini. Kama kumhoji mtu mlangoni kungetosha, tusingempokea mara mbili.

Si kwamba wahojaji wamekosekana. Wataalamu wanaoliandikia ripoti Baraza la Usalama hutegemea sana maneno ya waliokuwa wapiganaji: kamanda ni nani, silaha zinapitia wapi, dhahabu anauziwa nani. Kwa kazi hiyo mahojiano ya mlangoni yana thamani, wala sibishi. Mtu akitoka jana, anajua kambi ilikuwa wapi jana. Ila ukimwuliza kwa nini ametoka, mambo yanageuka.

Tazama meza yenyewe ya kuwaandikisha. Enzi za CONADER, tume ya serikali ya kuwarudisha wapiganaji uraiani, aliyechagua maisha ya kiraia aliahidiwa dola 110 za kuanzia, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mzima. Shirika la PAREC, lenye mizizi kanisani, lilibadilishana bunduki kwa baiskeli huku Katanga. Mhoji kijana ambaye ameshika usukani wa baiskeli mpya, atakwambia amechoka na vita. Bunduki ya pili iliyofukiwa shambani haitatajwa, wala jina la mjomba anayelisha kundi. Tena kamanda wake wa zamani bado yuko nyuma ya kilima, na askari wa serikali amesimama hatua chache kutoka kwa karani. Pale mtu husema neno litakalompitisha.

Uganda waliligundua hili kwa njia nyingine. Vijana waliotoka kwa waasi wa LRA walipokelewa katika vituo kama kile cha GUSCO, Gulu, na huko ndiko wengi wetu tulikopata picha yao. Kuanzia 2005, watafiti Jeannie Annan na Christopher Blattman waliwafuata vijana wa Kitgum na Pader makwao, waliotekwa na wasiotekwa, bila kujali nani alipita kituoni. Ilionekana kwamba wengi walikuwa wamerudi nyumbani kimyakimya, bila kupita kituo chochote. Waliotekwa walikuwa nyuma kwa karibu mwaka mzima wa shule, na mapato yao yalipungua kwa theluthi moja. Maumivu makali ya moyo yaliwaelemea wachache. Kituoni hungeyaona hayo, kwa sababu kijana hajatafuta kazi akaikosa.

Kuna pia sababu za kupigana ambazo hazihitaji mhojaji. Tarehe 23 Machi 2013 Bakata Katanga, wapiganaji waliotaka Katanga ijitenge, waliingia Lubumbashi na bendera yao, damu ikamwagika, na zaidi ya 200 wakaishia kujisalimisha kwenye kambi ya MONUSCO, mrithi wa MONUC. Kwamba shaba iko kusini na kaskazini hakuna barabara, hilo walishalitangaza mchana kweupe. Kumwuliza mtu faraghani jambo alilolipigia kelele barabarani ni kumchosha bure.

Kwa hiyo mimi ningepunguza fomu za mlangoni. Watoto hasa wasigeuzwe chanzo cha habari za kijeshi. Kanuni za Paris za 2007, kuhusu watoto waliohusishwa na makundi yenye silaha, zinalikataza hilo. Fedha zinazobaki ningempa mtu asiyegawa chochote, arudi kijijini baada ya mwaka na kuuliza: ulienda porini kutafuta nini, na hapa umekikuta? Amtafute hata yule asiyejiandikisha. P-DDRCS, programu ya serikali ya kupokonya silaha iliyoundwa 2021, inasema msingi wake ni jamii. Basi maswali yake yaulizwe huko kwenye jamii, na majibu yafike kwa anayepanga bajeti ya jimbo, yasiishie kwa mkuu wa upelelezi.

Juma lijalo nitaandika juu ya wasichana waliotoka bila bunduki. Kwa kuwa hawakuwa na silaha ya kurudisha, wengi wao hawakuandikwa kwenye fomu yoyote.