Biashara ya Mng'ao na Amana ya Mwenye Gari

Miongoni mwa kazi zilizozaliwa na wingi wa magari yaliyokwisha tumika, ambayo meli huyashusha katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, ipo moja ambayo aghalabu hupitwa katika hesabu za uchumi, nayo ni kazi ya kupiga polishi kwa mashine ili kuondoa mikwaruzo myembamba ya rangi, ile ambayo jua la saa nne likipiga boneti jeusi hujidhihirisha kama duara nyingi zilizoizunguka nuru. Zamani ilikuwa sehemu tu ya kazi ya fundi rangi, aliyeifanya mwisho kabla ya kumkabidhi mwenyewe gari lake. Leo imejitenga ikawa biashara kamili, yenye mafundi wake, mitambo yake, bei zake na, kwa bahati mbaya, hila zake. Yastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ina sifa isiyopatikana katika kazi nyingi za gereji: fundi breki humwongezea mwenye gari kitu kipya, na fundi wa bodi humjazia puti palipobonyea, lakini mpiga polishi humpunguzia, na kila mng'ao anaouuza hutoka katika akiba ndogo ambayo kiwanda kiliiweka mara moja tu.

Soko la kazi hii limejengwa na sheria za uagizaji pamoja na tabia za wanunuzi. Kenya haipokei gari lililozidi umri wa miaka minane. Tanzania hutoza ushuru wa ziada magari yaliyopita umri uliowekwa. Na Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Matokeo yake ni kwamba gari linalofika yadi ya muuzaji aghalabu limekwisha kuoshwa na kufutwa kwa miaka kadhaa huko Japani, na hati ya mnada iliyofuatana nalo hueleza hali hiyo kwa alama zinazojulikana na kila ajenti: herufi A huonyesha mkwaruzo, U huonyesha mbonyeo, na W huonyesha mahali palipokwisha kutengenezwa. Mnunuzi wa kwetu, kabla hajafungua boneti kuitazama injini, huizunguka rangi kwanza. Na muuzaji, kwa kulijua hilo, huona kwamba hakuna matengenezo ya gharama nafuu yanayopandisha thamani ya gari machoni pa mteja upesi kama polishi.

Lakini ni kitu gani hasa kinachopigwa polishi? Rangi ya gari la siku hizi si tabaka moja. Juu ya bati hutangulia praima inayoganda kwa nguvu za umeme bodi likiwa limezamishwa katika birika, hufuata praima ya pili ya kusawazisha, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote utando mwangavu usio na rangi, ambao mafundi huuita klia. Jumla ya matabaka hayo, katika gari lililotoka kiwandani, aghalabu ni baina ya mikroni 100 na 150, na sehemu ya klia peke yake ni kadiri ya mikroni 40 hadi 50, yaani ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Utaratibu huu ulienea viwandani katika miaka ya 1980. Magari yaliyotangulia yalikuwa na rangi isiyofunikwa, na ndiyo maana kitambaa cha mpiga polishi wa enzi hizo kilitoka chekundu au buluu kwa kadiri ya gari alilolishughulikia. Fundi wa leo hapati onyo hilo, kwa maana klia humomonyoka bila kuacha rangi kwenye pedi, na anayefanya kazi kwa macho matupu hujua kwamba amepita mpaka pale tu rangi ya chini inapochomoza.

Mikwaruzo yenyewe haina umbo la duara, ingawa hivyo ndivyo inavyoonekana. Imelala kila upande, ila ni ile tu iliyoikingama njia ya nuru inayorudisha mng'aro machoni, nayo kwa pamoja huchora duara mahali nuru inapopiga. Chanzo chake kikubwa ni uoshaji. Chembe za mchanga zilizomo katika vumbi la barabarani ni ngumu kuliko klia, na mwoshaji anayetumia ndoo moja kwa magari yote, au sponji iliyoanguka chini ikaokotwa, au kitambaa kikavu kufuta vumbi bila maji, huzisugua chembe hizo juu ya rangi kila siku. Kwa hiyo osheo lile lile linaloleta mikwaruzo kwa ujira mdogo ndilo ambalo baadaye hulipwa ujira mkubwa kuiondoa, na jambo hilo, ijapokuwa halifanywi kwa kusudi, ni aibu ambayo wenye kazi hii wanapaswa kuiondoa wenyewe kabla wateja hawajaitambua.

Kuondoa mkwaruzo maana yake ni kuishusha klia iliyouzunguka mpaka kufikia kina chake, kama randa ya seremala inavyoushusha ubao hata alama ya tezo ikatoweka. Kwa shughuli hiyo zipo mashine za namna mbili. Ya kwanza ni ile inayozungusha pedi juu ya mhimili mmoja, yenye nguvu na haraka, iliyozoeleka kwa miaka mingi katika gereji zetu. Lakini hutia joto jingi mahali pamoja, huweza kula kingo na mikunjo ya bodi ambako rangi ni nyembamba zaidi, na mkononi mwa asiyeijua huacha mistari yake yenyewe, inayofanana na mawimbi juani. Ya pili huzungusha pedi huku ikiipeleka katika mzunguko mwingine nje ya mhimili, kwa upana wa milimita 8, 15 au hata 21, hivyo joto hutawanyika na hatari hupungua. Kampuni ya Rupes ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1947, ni miongoni mwa zilizoitangaza sana aina hii ya mzunguko mpana, na zuio la kuingia katika biashara likashuka: kijana mwenye bidii huweza sasa kujifunza kwa majuma yale ambayo zamani yalidai miaka chini ya fundi mkuu.

Hata hivyo mashine si ufundi. Kazi sahihi huanza kwa kuliosha gari na kuondoa masizi na chembe za chuma zilizonasa, kisha kuziba mipira na plastiki kwa tepu ya karatasi, na ndipo fundi huchagua sehemu moja ndogo ya kujaribia, akianza na pedi laini na kompaundi hafifu, na kupanda ukali pale tu inapomlazimu. Jaribio hilo haliepukiki, kwa kuwa klia hutofautiana: magari mengi ya Ujerumani yana klia ngumu inayodai subira, ilhali baadhi ya rangi za Kijapani, hasa nyeusi ya Toyota yenye namba 202, zimejulikana kwa mafundi wa nchi nyingi kuwa laini mno, hata kitambaa kibaya chatosha kuzichora. Baada ya hapo huenda kipande kwa kipande, kila kimoja kiasi cha nusu mita kwa nusu mita, akipita kwa njia zinazoingiliana, akisafisha pedi kila mara, kivulini na juu ya bati lililopoa. Gari zima kwa namna hiyo huchukua siku nzima, na likiwa na mikwaruzo mizito, zaidi. Gharama kubwa ya biashara hii, basi, ni saa za fundi; kompaundi na umeme hufuata kwa mbali.

Hapa ndipo hila huzaliwa. Maadamu saa ni ghali na mteja hutazama tokeo la dakika ile, wapo wanaopaka kemikali yenye mafuta na silikoni, ambayo hujaza mikwaruzo ikaifanya isionekane, wakatoza bei ya kazi kamili kwa shughuli ya saa moja. Baada ya maosho machache mafuta hutoka, na mikwaruzo hurejea ilivyokuwa. Kujaza si dhambi ikiwa mteja ameambiwa na amelipa bei inayolingana. Kosa ni kuuza kifuniko kwa jina la tiba, na biashara iliyo changa kama hii haiwezi kuustahimili udanganyifu huo kwa muda mrefu. Dawa yake ni rahisi: sehemu iliyokwisha pigwa polishi ifutwe kwa spiriti iliyozimuliwa maji, ili mafuta yatoke, kisha mteja mwenyewe aitazame chini ya taa yenye nuru moja kali au juani. Taa nyeupe ndefu za dari hutawanya nuru, na chini yake hata rangi mbovu huonekana njema.

Walakini hasara iliyo kubwa kuliko hila ni ile ifanywayo kwa uaminifu bila kipimo. Tuseme klia ya mlango ina mikroni 45, na kila upigaji mkali hula mikroni 3 au 4: mara tatu zikipita, karibu robo ya utando imekwenda. Katika klia hiyo ndimo zilimo kemikali za kuzuia miale ya jua, na ikikonda katika hali ya hewa kama yetu ya pwani, hupauka na kubambuka, kwanza paani na kwenye boneti, na hapo hakuna polishi iwezayo kufaa isipokuwa kupaka rangi upya kwa gharama iliyo mbali kabisa na bei ya mng'ao. Kipo kifaa kidogo cha mkononi kinachopima unene wa rangi juu ya bati na juu ya aluminiamu. Hakitenganishi klia na matabaka ya chini, lakini humwonyesha fundi paneli iliyowahi kupakwa upya au kujazwa puti, na kikitumiwa kabla na baada ya kazi humwambia ni kiasi gani alichokiondoa. Kati ya vifaa vyote vya biashara hii, hicho ndicho ningependa kukiona cha kwanza kununuliwa, kabla ya mashine ya pili na kabla ya bango la mlangoni.

Mwelekeo wa kazi hii utategemea kama wenyewe watakubali kuiona rangi kuwa amana. Vyuo vya ufundi, kama vile vya VETA nchini Tanzania, vinafundisha upigaji rangi, na upimaji wa klia pamoja na matumizi ya mashine vinastahili nafasi yake katika mafunzo hayo. Wenye maduka nao wangefanya vema kumwandikia kila mteja karatasi yenye vipimo vya kila paneli, tarehe na aina ya kazi iliyofanywa, ili fundi atakayelipokea gari hilo baada ya miaka miwili ajue akiba iliyosalia; karatasi hiyo ingempa muuzaji wa yadi hoja iliyo bora kuliko mng'ao wenyewe.

Na faida iliyo salama zaidi haimo katika polishi. Imo katika uoshaji wa hadhari unaofuata: ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, kitambaa cha maikrofaiba kilichofuliwa, maji mengi kabla ya kugusa rangi, na nta au kinga ya silika juu yake. Gari linalopigwa polishi mara moja kwa miaka mingi na kuoshwa vema kila juma humletea mwenye duka kipato kidogo kidogo kisichokatika, na kumwachia mteja rangi yake. Ilhali gari linalorudishwa mashineni kila mwaka humpa mwenye duka fedha za haraka kwa miaka michache, kisha mteja huyo humwendea fundi rangi na hamrejei tena. Kwa hesabu ya biashara peke yake, hata kabla ya kuuliza habari ya haki, njia ya kwanza ndiyo yenye faida.