Msikiti wa Mfalme, Reli ya Waturuki

Kwenye makao makuu ya BAKWATA, baraza kuu la Waislamu Tanzania, huko Kinondoni, upo msikiti mkubwa wenye nakshi za Morocco. Ujenzi wake ulizinduliwa Oktoba 2016, Mfalme Mohammed VI wa Morocco alipozuru Dar es Salaam. Rais Magufuli naye hakuona haya: aliomba na uwanja wa mpira wa Dodoma.

Mfalme hakuja kwa sadaka tu. Morocco ilikuwa ikibisha hodi Umoja wa Afrika, ikapokewa Januari 2017, na Tanzania ilikuwa imeitambua Sahara Magharibi, inayodaiwa na Morocco, tangu 1978. Tena mwaka 2015 mfalme huyo alikuwa ameanzisha taasisi ya maulamaa wa Afrika ya kupinga itikadi kali.

Mchezo huo wa kuchanganya dini na siasa za nje ni wa zamani. Nasser wa Misri alijenga viwanda na mabwawa, na mwaka 1966 serikali yake ikamnyonga Sayyid Qutb, mwanafikra wa Ikhwani, yaani Udugu wa Kiislamu; katika utawala wake huohuo chuo cha Al-Azhar kikawa mkono wake wa kuivuta Afrika. Chang'ombe, Temeke, Misri ina kituo chake cha Kiislamu mpaka leo. Saudia ikajibu kwa Chuo Kikuu cha Madina mwaka 1961 na jumuiya ya Kiislamu ya Rabita ya Makka mwaka 1962. Marekani, kwa kuhofia ukomunisti kuliko kitu kingine, ikasimama na Saudia.

Matokeo yake yaliingia hadi sebuleni. Vijana waliosomeshwa Madina walirudi na hoja mpya, na katika familia moja ya Kinondoni au Temeke mzee akasoma maulidi huku mwanawe akisema ni bidaa, yaani uzushi. Wafuasi wa mkondo huo, Ansari Sunna, wengi wao, isemwe wazi, hawajawahi kushika silaha. Ugomvi wao ulikuwa wa hitima na maulidi.

Lakini tarehe 7 Agosti 1998 bomu la Al-Qaeda lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, hukohuko Kinondoni, likaua watu 11. Januari 2004 Marekani na Saudia, kwa pamoja, ziliuomba Umoja wa Mataifa uyaweke kwenye orodha ya vikwazo matawi ya shirika la misaada la Al-Haramain, likiwemo la Tanzania. Shirika hilo lilikuwa la Saudia yenyewe! Kisha Saudia ikazidi kugeuka: mwaka 2018 Riyadh ikafungua sinema.

Uturuki nayo iligeuka. Kiongozi wake Erdoğan na mhubiri Fethullah Gülen walikuwa washirika hadi walipogombana waziwazi mwaka 2013, na mwaka 2016, mwaka wa jaribio la mapinduzi la Julai, wafuasi wa Gülen wakaitwa magaidi. Januari 2017 Erdoğan alitua Dar es Salaam akitaka mtandao wa Gülen ung'olewe, zikiwemo shule za Feza, ambazo wazazi wa jiji hili wanazijua kwa kushika nafasi za juu kwenye mitihani ya taifa. Februari, kampuni ya Kituruki ya Yapı Merkezi na mbia wake wa Ureno wakasaini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Feza hazikufungwa.