Rangi ya Yakuti Samawi: Asili na Tanuri

Yakuti samawi ni fuwele ya alumini na oksijeni ambayo, ikiwa safi kabisa, haina rangi. Ubuluu wake hutokana na chuma na titani kidogo zilizomo ndani yake.

Nchini Sri Lanka hupatikana mawe yenye ukungu wa maziwa, yaitwayo geuda. Ukungu huo ni vijisindano vya madini yenye titani. Kuanzia miaka ya 1970, wafanyabiashara wa Thailand waliyachoma kwa joto linalozidi digrii 1,500, katika hewa iliyopungukiwa oksijeni: vijisindano vikayeyuka, titani ikaenea karibu na chuma, jiwe likawa buluu. Hapo tanuri halikuongeza kitu, liliamsha kilichokuwamo.

Kutia elementi kutoka nje ni jambo jingine. Titani hupenya ngozi ya jiwe tu, na likichongwa upya rangi hutoweka. Berili, yenye atomu ndogo, huweza kufika moyoni. Mwaka 2002 ilibainika kuwa mawe ya Madagascar na ya Songea, Tanzania, yalikuwa yakigeuzwa hivyo rangi ya machungwa. Jicho pekee mara nyingi halitambui hilo, ila maabara. Kwa kuwa thamani hufuata asili ya rangi, muuzaji anayenyamaza humdhulumu mnunuzi.