Ukiambiwa "we have to let you go", usidhani umepewa ruhusa

Kijana aliyekulia Mazinde, chini ya Milima ya Usambara, anaijua kamba tangu utotoni. Mashamba ya mkonge yapo pale pale kando ya barabara kuu, na mkonge ndio unaotoa kamba na magunia.

Lakini kijana huyo huyo akipata kazi kwa bosi anayeongea Kiingereza, kamba na gunia vinaweza kumpoteza. Siku ya kwanza anaambiwa, "You will soon learn the ropes." Mwaka mmoja baadaye anasikia mwenzake "got the sack".

Akitafsiri neno kwa neno, ataona yeye anafundishwa kamba na mwenzake kapewa gunia. Kumbe yeye aliambiwa ataizoea kazi, na mwenzake kafukuzwa.

Hizo ndizo nahau. Maana yake haipatikani kwa kujumlisha maneno yaliyomo.

Kiswahili nacho kina zake

Ikisemwa kwamba fulani "kamwaga unga", hakuna Mtanzania anayekwenda kutafuta ufagio. Kila mtu anajua jamaa kapoteza kazi. Mgeni mwenye kamusi atabaki anatafuta unga ulipo.

Hata mkonge umezaa maneno yake. Enzi za ukoloni, vibarua wa mkataba waliotoka mikoa ya mbali kuja mashambani waliitwa "manamba", jina lililotokana na namba walizopewa. "Kipande" kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi, na mshahara ulitegemea kuimaliza. Kamusi peke yake isingemsaidia mgeni kuelewa kwa nini mtu analalamika kwamba kipande chake hakijaisha.

Kiingereza ni vivyo hivyo. Ukijua nahau ilikotoka na inasemwa wakati gani, haikusumbui tena.

Nahau sita za kuanzia

*Learn the ropes:* kujifunza na kuizoea kazi mpya. Ilitoka kwenye meli za matanga, ambako baharia mgeni alipaswa kujua kila kamba inavuta nini. Ukiambiwa mtu fulani "will show you the ropes", huyo ndiye atakayekuelekeza kazi. Mfuate.

*Get the sack:* kufukuzwa kazi. Inasimuliwa kwamba zamani fundi alikuja na vifaa vyake kwenye gunia, na siku ya kuondolewa alikabidhiwa gunia lake aende. Ni lugha ya maongezi, haifai kwenye barua. Isichanganywe na "hit the sack", ambayo ni kwenda kulala.

*Cut corners:* kulipua kazi. Hii ni mtego kwa dereva wa barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kwa sababu kwenye Kiswahili chetu kukata kona ni jambo la kawaida, na barabara ile ni kona tupu. Bosi akisema "don't cut corners", hazungumzii usukani. Anasema fanya kazi kwa ukamilifu, usiruke hatua.

*Red tape:* urasimu, ile njoo kesho ya ofisini. Ilitokana na utepe mwekundu uliotumika kufungia nyaraka za serikali Uingereza.

*In the red:* kuwa kwenye hasara au deni. Wahasibu waliandika hasara kwa wino mwekundu. Kampuni ikisema iko "in the red", si siku nzuri ya kuomba nyongeza ya mshahara.

*Call it a day:* tuishie hapa kwa leo. Haina ubaya, ni ruhusa ya kufunga kazi na kurudi nyumbani.

Hatari ni zile za upole

Nahau yenye madhara makubwa haina neno gumu hata moja: "We have to let you go." Kwa masikio ya Kiswahili, ni kama mtu anaruhusiwa kuondoka. Kwa Kiingereza cha kazini, maana yake ni kwamba ajira imekwisha. "We have decided to part ways" nayo ni hivyo hivyo, hata kama inasemwa kwa tabasamu na chai mezani.

Anayesema "thank you, sir" na kurudi nyumbani akisubiri kuitwa anaweza kupoteza haki yake, maana siku zinahesabika.

Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, notisi ya kusitisha ajira inatakiwa iwe ya maandishi, ikitaja sababu na tarehe. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28. Kwa wa kutwa au wa wiki ni siku 4, na kwa aliye ndani ya mwezi wake wa kwanza kazini ni siku 7.

Anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, maarufu CMA. Aliyekaa miezi miwili akidhani yuko mapumzikoni tayari amechelewa.

Afanye nini asiyeelewa?

Kwanza, aulize papo hapo kwa maneno mepesi: "Do you mean my job has ended?" Kuuliza hakumfanyi mtu aonekane mshamba, na jibu lake ni ndiyo au hapana.

Pili, aombe jambo hilo kwa maandishi. Maneno ya mdomoni yanakwepeka, karatasi inabaki.

Tatu, aandike kwenye simu sentensi nzima aliyoisikia, pamoja na aliyeisema na aliyeambiwa. Neno "sack" peke yake halimfundishi kitu, lakini "he got the sack for coming late" inakaa kichwani.

Na kabla ya yote hayo, siku ya kusaini mkataba, asione aibu kusema hajaelewa. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ahakikishe masharti ya kazi yanaelezwa kwa namna ambayo mfanyakazi anaielewa. Ikiwa namna hiyo ni Kiswahili, basi aelezwe kwa Kiswahili.