Ini lazima lipungue kabla ya upasuaji wa kupunguza unene

WATU wengi wanaoamua kufanyiwa upasuaji wa kupunguza unene hudhani kwamba kazi ya kujinyima chakula itaanza baada ya kutoka hospitalini. Hushangaa sana daktari anapowaeleza kwamba ni lazima wafuate lishe kali kwa wiki mbili au zaidi kabla ya siku ya kupasuliwa. Baadhi yao hulalamika: "Kama ningeweza kujinyima chakula, ningekuja kwako kutafuta nini?"

Swali hilo linastahili jibu. Lishe hiyo si adhabu, wala si mtihani wa kupima kama mgonjwa ana bidii. Kazi yake kubwa ni kupunguza ukubwa wa ini ili daktari aweze kulifikia tumbo bila kuhatarisha maisha ya mgonjwa.

Unene wa kupita kiasi si tatizo geni nchini. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba asilimia 33 ya wanawake wa umri wa kati ya miaka 15 na 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi, na hali ilikuwa mbaya zaidi mijini. Wengi wanaweza kusaidiwa kwa lishe, mazoezi na dawa. Lakini kuna wale ambao unene wao umefikia kiwango cha kuwaletea kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti na kukatika kwa pumzi usingizini. Hao ndio madaktari huwafikiria kwa upasuaji.

Kipimo kinachotumiwa ni uzani wa mtu kwa kilo, ukigawanywa kwa kimo chake kwa mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa mfano, mwanamke mwenye kimo cha mita 1.6 na uzani wa kilo 90 hupata 35. Tangu mwaka wa 1991 upasuaji ulipendekezwa kwa wenye 40 na zaidi, au 35 wakiwa na maradhi yanayotokana na unene. Mwaka wa 2022, vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii viliteremsha kiwango hicho hadi 35 kwa wote, na 30 kwa wenye maradhi kama vile kisukari.

Ini na tumbo ni majirani

Siku hizi upasuaji huu hufanywa kupitia matundu madogo, huku daktari akitazama kwa kamera. Katika aina moja, sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo hukatwa na kuondolewa. Katika aina nyingine, daktari hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba.

Kwa vyovyote vile, ni lazima afike sehemu ya juu ya tumbo, na hapo ndipo penye kikwazo. Upande wa kushoto wa ini umelifunika tumbo mithili ya kifuniko cha sufuria. Daktari hana budi kuliinua ini na kulishikilia hivyo muda wote anapofanya kazi.

Ini la mtu mzima mwenye afya huwa na uzani wa karibu kilo moja na nusu. La mtu mnene mara nyingi hujaa mafuta, likawa kubwa, zito na rahisi kuchanika. Likichanika hutoka damu nyingi. Likikataa kuinuka, daktari haoni vizuri anapokata na kushona. Hapo hulazimika kupasua tumbo kwa mkato mrefu, au kusimamisha upasuaji na kumwamsha mgonjwa bila kazi kufanyika.

Jinsi lishe inavyosaidia

Mbali na mafuta, ini huhifadhi akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, yapata gramu 100. Kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na karibu gramu tatu za maji. Mtu anapopunguza sana vyakula vya wanga, mwili hutumia akiba hiyo na maji yake hutoka. Kisha mwili hugeukia mafuta, yakiwemo yaliyo kwenye ini.

Utafiti wa madaktari wa Australia uliochapishwa mwaka wa 2006 ulifuatilia watu 32 waliotumia lishe ya kalori chache mno kwa wiki 12. Maini yao yalipungua kwa karibu moja ya tano, yaani asilimia 19 hivi, na sehemu kubwa ya upungufu huo, asilimia 80, ilitokea katika wiki mbili za kwanza. Hii ndiyo sababu hospitali nyingi huchagua wiki mbili, ingawa mgonjwa mwenye uzani mkubwa zaidi huenda akaambiwa aanze mapema.

Utafiti mwingine, wa mwaka wa 2011, ulilinganisha wagonjwa 298. Nusu yao walifuata lishe hiyo kwa wiki mbili na wengine wakala kama kawaida. Katika siku 30 baada ya upasuaji, waliopata matatizo walikuwa 8 miongoni mwa waliofuata lishe, na 18 miongoni mwa wale wengine.

Chakula chenyewe

Kwa kawaida mgonjwa hupewa kati ya kalori 800 na 1,200 kwa siku, protini ya kutosha, na wanga na mafuta kidogo sana. Baadhi ya hospitali hutoa unga maalumu wa kukorogwa kwa maji. Nyingine hutumia maziwa yaliyoondolewa mafuta, au chakula cha kawaida kilichopimwa.

Kwa msomaji wa hapa kwetu, maana yake ni kuaga kwa muda ugali, chapati, wali, viazi, mihogo, mandazi, mkate na vibanzi. Soda, maji ya matunda, sukari kwenye chai na pombe pia haviruhusiwi. Kinachobaki ni mayai, samaki, kuku aliyetolewa ngozi, maziwa yasiyo na mafuta, na mboga kama sukuma wiki, spinachi na kabichi, zikipikwa kwa mafuta kidogo sana. Yai moja lina karibu gramu sita za protini, na glasi ya maziwa karibu gramu nane. Mtaalamu wa lishe ndiye atakayepanga kiasi cha kila mlo, kwa kuwa protini ikipungua misuli hudhoofika, na mgonjwa anaihitaji kupona.

Siku tatu za kwanza ndizo ngumu zaidi. Njaa, maumivu ya kichwa, uchovu na hasira ni mambo ya kawaida. Baadaye mwili unapozoea kutumia mafuta, njaa hupungua, ingawa pumzi huenda ikanuka kidogo. Maji ya kutosha, yapata lita mbili kwa siku, na supu nyepesi isiyo na mafuta husaidia. Choo kikiwa kigumu, mweleze daktari.

Tahadhari kuhusu dawa

Hili ndilo jambo ambalo halipaswi kupuuzwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini au tembe kama glibenklamaidi akipunguza chakula bila kupunguza dawa, sukari yake inaweza kushuka ghafla akazirai. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini naye yumo katika hatari ya damu kujaa asidi, hata sukari ikionekana kuwa ya kawaida. Wanaotumia dawa za shinikizo la damu, hasa za kuongeza mkojo, wanaweza kupata kizunguzungu.

Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda ajue kwamba sukuma wiki na spinachi zina vitamini K kwa wingi, nayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Wanaotumia semaglutaidi, ambayo hufanya chakula kikawie tumboni, wamwarifu mapema daktari wa dawa za usingizi. Katika hali zote hizi usibadilishe wala kuacha dawa mwenyewe. Muone daktari kabla ya siku ya kwanza ya lishe.

Karamu ya kuagana na chakula

Baadhi ya wagonjwa hufanya karamu ya mwisho siku chache kabla ya kulazwa. Nyama choma, pilau na soda huandaliwa, jamaa huitwa, na mgonjwa huambiwa ale ashibe kwa kuwa hatakula hivyo tena. Upendo huo unaweza kumdhuru. Siku moja au mbili za kula wanga kwa wingi zinatosha kurudisha sukari na maji kwenye ini, na kazi ya wiki nzima ikaharibika.

Wengi pia huficha habari za upasuaji, kisha wakaaibika kukataa chakula wanapotembelea jamaa. Si lazima kumweleza kila mtu. Inatosha kusema, "Daktari amenikataza kwa muda." Lakini anayepika nyumbani, awe mke, mume au binti, ni vyema ajue ukweli wote.

Na ikitokea kwamba umeteleza, sema. Hakuna daktari mwema atakayekufukuza kwa sababu ya sahani ya pilau. Akijua mapema anaweza kuongeza siku za lishe au kuahirisha upasuaji kwa wiki moja. Asipoambiwa, atajua tu baada ya kuingiza kamera, nawe ukiwa umelala hujui lolote.

Wiki hizo mbili zina faida nyingine pia. Baada ya upasuaji mgonjwa huanza kwa vinywaji na vyakula laini kwa wiki kadhaa, kisha sehemu ndogo ndogo maishani mwake mwote. Aliyejizoeza mapema kupima chakula na kunywa maji polepole hatayaona hayo kuwa mageni. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huku ni kwa siku chache tu.