Mwanagenzi wa Perl na Tatizo la Ritifaa

Perl ni lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1987 na Larry Wall, Mmarekani aliyesomea isimu kwa nia ya kuitungia maandishi lugha isiyoandikwa, labda ya Afrika. Makala haya yanakusudia kueleza matatizo yanayomkabili mwanagenzi anayetumia Perl kuweka orodha ya maneno kwenye wavuti. Mifano imetokana na orodha ya maneno ya Kiswahili na Kiisukha niliyoishughulikia Mukumu, Kakamega. Matatizo hayo ni ya aina mbili: yanayojitangaza na yanayojificha.

Yanayojitangaza huonekana kama hitilafu nambari 500. Nambari hiyo haitaji chanzo. Chanzo huandikwa katika kumbukumbu za hitilafu za seva, nazo ndizo za kutazamwa kwanza. Aghalabu sababu ni mojawapo ya hizi tatu. Kwanza, faili haijapewa idhini ya kutekelezwa, ambayo katika Unix hutolewa kwa tarakimu 755. Pili, faili iliandikwa katika Windows, ambako kila mstari huishia kwa alama mbili badala ya moja. Alama ya ziada hugandana na anwani ya Perl katika mstari wa kwanza, na seva ikatafuta kitu kisichokuwako. Tatu, programu imetoa maandishi kabla ya kutangaza aina yake, au imesahau mstari mtupu unaotenga tangazo hilo na maandishi. Makosa ya sarufi ya programu yenyewe hugunduliwa mapema kwa amri perl -c.

Yanayojificha ni mabaya zaidi, kwani programu hufanya kazi bila ya kulalamika, na matokeo yakawa ya uongo. Kanuni ya kawaida ya Perl, \w+, huchukulia neno kuwa mfululizo wa herufi, tarakimu na kistari cha chini. Ritifaa haimo. Kwa hiyo ng'ombe huvunjwa kuwa ng na ombe, na ing'ombe ya Kiisukha huwa ing na ombe. Wako wanaojaribu kuponya hali hii kwa kuifuta ritifaa. Hapo kitenzi ng'oa na nomino ngoa, yaani tamaa au wivu, huwa neno moja, na tofauti ya /ŋ/ na /ŋg/ ikapotea.

Isitoshe, ritifaa ina maumbo mawili: iliyonyooka, na iliyopinda ambayo programu za kuchapia huiingiza zenyewe. Katika UTF-8 ya kwanza ni baiti 1, ya pili ni baiti 3. Kwa msomaji, ng'ombe ni mmoja. Kwa mashine ni wawili, na kila mmoja huhesabiwa peke yake.

Dawa ina hatua tatu: kusoma na kutoa maandishi kwa UTF-8, kugeuza ritifaa zote ziwe za umbo moja, kisha kuieleza Perl kwamba ritifaa iliyotanguliwa na ng na kufuatwa na herufi ni sehemu ya neno.

Hatua hii ya mwisho si ya fundi wa kompyuta, bali ni ya mwanaisimu. Mashine haijui othografia yetu. Tusipoiandikia kanuni zake, takwimu tutakazozijengea hoja kuhusu msamiati wa Kiswahili zitakuwa na kasoro tangu neno la kwanza.