Kiti ni Amana: Wabunge Walioaga Kabla ya Uchaguzi

Jioni moja baada ya darsa ya Maghrib, kijana mmoja katika wanafunzi wetu wakubwa alibaki msikitini huku wenzake wakitafuta viatu vyao. Alikuwa na swali. "Maalim," alisema, "nimesoma kuwa kabla ya uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 2024 wabunge 132 walikataa kugombea tena. Kiti kipo, mshahara upo, heshima ipo. Mtu huachaje vyote hivyo kwa hiari yake? Ni woga, au ni ucha Mungu?"

Tulimwambia kwamba swali lake lina majibu zaidi ya moja, na kwamba usiku ule hautoshi. Haya tunayoyaandika ndiyo jibu tulilomwahidi. Tumeona afadhali wazazi na vijana wote walisome pamoja naye, kwani hapana nyumba isiyo na mtu aliyekabidhiwa kitu na wenziwe: ufunguo wa msikiti, daftari la chama cha maziko, fedha za mayatima, au angalau mtaji wa ndugu wawili.

Kwanza yapasa kujua kuwa katika Bunge la Makabwela la Uingereza, lenye viti 650, mbunge hana ruhusa ya kujiuzulu. Msomaji asistaajabu. Mwaka 1624 Bunge lile lilikata shauri kuwa aliyechaguliwa hawezi kukitupa kiti katikati ya muda. Zamani zile ubunge kwa wengi ulikuwa mzigo kuliko neema, na watu waliomtuma mtu London walitaka akae huko awasemee. Hata leo anayetaka kutoka kabla ya wakati humwomba Waziri wa Fedha ampe cheo cha jina tu, kama vile usimamizi wa Chiltern Hundreds, cheo kisicho na kazi wala mshahara. Na kwa kuwa sheria haimruhusu mbunge kushika cheo cha namna hiyo chini ya Mfalme, kiti chake huwa wazi palepale.

Tulipolisoma jambo hili mara ya kwanza tulicheka. Kisha tukaona kuwa ndani ya hila hiyo mna fikira ya haki, kwamba kiti si mali ya anayekikalia, hata akichoka hawezi kukiacha njiani kama mzigo wa kuni. Mlango wa wazi ni uchaguzi mkuu. Muda hukoma, Bunge huvunjwa, na kila mtu hurudi kwa waliomtuma, ama aombe tena ama aage. Basi kuaga kabla ya uchaguzi, kwa asili yake, si aibu hata kidogo. Ni kurudisha amana siku yake ilipofika. Lakini mwenye kurudisha amana huulizwa pia katika hali gani anairudisha.

Tutazame mwaka 2010. Kabla ya uchaguzi wa tarehe 6 Mei mwaka ule wabunge 149 hawakugombea tena, na 100 kati yao walikuwa wa chama cha Labour kilichokuwa kikitawala. Wako waliokuwa wazee, wako waliochoka. Lakini wengi hawakuweza tena kuwatazama watu wao usoni. Mwezi wa Mei 2009 gazeti la Daily Telegraph lilikuwa limeanza kuchapa hesabu za fedha ambazo wabunge walidai juu ya mshahara wao, hasa kwa ajili ya nyumba ya pili. Kanuni ile ilikuwa na sababu njema: mtu anayewakilisha mji wa mbali anahitaji pa kulala London. Watu wakaipanua kama mtu anavyopanua tundu la mfuko wa mchele. Mmoja aliorodhesha katika gharama zake zaidi ya pauni 2,000 za kusafisha handaki la maji linaloizunguka nyumba yake ya shamba. Mwingine aliomba alipiwe pauni 1,645 za kijumba cha mabata, kielee katikati ya bwawa la bustani. Huyo ofisi ya malipo ilimkatalia. Majina yao yalitangazwa dunia nzima wakati ule, nasi hatuna haja ya kuyarudia katika gazeti linalosomwa majumbani. Spika Michael Martin alilazimika kuacha cheo Juni 2009, jambo ambalo halikuwa limempata Spika yeyote tangu mwaka 1695. Na katika mwaka 2011 watu wanne waliokuwa wabunge walifungwa gerezani kwa hesabu za uwongo.

Neno lililowaudhi zaidi Waingereza katika habari ile ni lile walilolisema wabunge wengi: kwamba hawakuvunja kanuni. Na aghlabu ilikuwa kweli. Hapa ndipo tulipomkumbusha kijana wetu kisa alichokisoma kwetu mwenyewe, cha Ibn al-Lutbiyya, ambaye Mtume (S.A.W.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimetunukiwa mimi. Hakuiba kwa siri. Aliyasema mbele za watu, akiona ni haki yake. Mtume (S.A.W.) alikasirika, akapanda mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama tunu hizo zingemfuata huko. Swali hili halina haja ya mwanasheria. Kile kijumba cha mabata kingeombewa pauni za watu kama bwana yule asingekuwa mbunge?

Kuna jambo jingine lisilotajwa sana. Kwa kanuni za siku zile, mbunge aliyeondoka wakati wa uchaguzi mkuu alipewa fedha za kuanzia maisha mapya, tangu nusu ya mshahara wa mwaka mpaka mshahara wa mwaka mzima, kwa kadiri ya umri wake na miaka aliyotumika. Aliyeondoka katikati ya muda hakupata kitu. Basi wako waliotangaza katika mwaka 2009 kuwa wataondoka, wakaendelea kukaa mpaka Bunge lilipovunjwa. Hatuwezi kuingia katika nyoyo za watu, na wengine walikaa kwa kuwa kazi za watu wao zilikuwa hazijaisha. Twasema tu kwamba mlango ni mmoja kwa mwema na kwa aliyefukuzwa na aibu, na aliye nje hawezi kuwatofautisha kwa kutazama migongo yao.

Sasa turudi kwa wale 132 wa mwaka 2024. Wengi, 75, walikuwa wa chama cha Conservative, kilichokuwa kikitawala tangu 2010, na kila mwenye macho aliona kuwa upepo umegeuka. Kumkimbia mshindi kabla ya pambano si ucha Mungu, ingawa si dhambi. Alikuwamo Theresa May, aliyepata kuwa Waziri Mkuu, na ambaye alikuwa mbunge tangu 1997. Huyo alikuwa ametumika vya kutosha. Alikuwamo pia Mike Freer wa upande wa kaskazini wa London, naye alisema wazi kuwa anaondoka kwa sababu ya vitisho na kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Ofisi yake ilikuwa imechomwa moto Desemba 2023.

Hofu yake haikuwa ya bure. Jo Cox aliuawa Juni 2016 na mtu aliyewachukia wageni. David Amess aliuawa Oktoba 2021 katika mji wa Leigh-on-Sea, ndani ya kanisa, alikokuwa akisikiliza shida za watu wake. Na muuaji, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameivizia ofisi ya Freer, alijinasibisha na dini yetu. Vijana wetu walijue hili, wala wasilifiche wanapohesabu dhulma za wengine. Mtu aliyekuja kwa unyonge kusikiliza watu akachomwa kisu, na Mwislamu wa jina ndiye aliyemchoma.

Je, kuondoka kwa namna hiyo ni woga? Tulimwambia kijana akumbuke mwaka wa 41 wa Hijra, Sayyidna Hassan bin Ali (R.A.) alipomwachia Muawiya ukhalifa ili damu ya Waislamu isimwagike. Baadhi ya wafuasi wake walimtukana usoni kwa hilo. Umma ukauita mwaka ule Mwaka wa Jamaa. Hatulinganishi watu na watu. Twataka tu asiwe mwepesi wa kumwita mwoga kila aliyeshuka.

Na Waislamu wenyewe? Mohammad Sarwar, mzaliwa wa Pakistan aliyefika Scotland mwaka 1976 na kufanya biashara, alichaguliwa Glasgow mwaka 1997. Ndiye aliyehesabiwa Mwislamu wa kwanza katika Bunge la Makabwela, naye aliapa kwa Qurani. Mwaka 2007 alitangaza kuwa hatagombea tena, miaka miwili kabla ya fitina ya zile hesabu, na mwaka 2010 akaondoka. Kuondoka kuzuri. Lakini kiti kile alikishika mwanawe, Anas. Hapana kosa la sheria. Chama kilimteua na watu walimpigia kura, na mwaka 2015 watu walewale walimwondoa. Hata hivyo sisi tulipenda zaidi desturi ya Sayyidna Umar (R.A.), ambaye alipokuwa akifa aliwaachia watu sita shauri la ukhalifa, akamruhusu mwanawe Abdullah ahudhurie na atoe rai, lakini asiwe na fungu katika cheo. Huenda wasomaji wengine wataona twapita kiasi. Kila mmoja na rai yake.

Tulipomaliza kumweleza haya yote, siku tatu baadaye, kijana alishukuru kwa adabu. Kisha akauliza, "Na sanduku la chuo, Maalim, hulikagua nani?"

Tulinyamaza. Ufunguo wa sanduku lile tumekuwa nao miaka kumi na mmoja. Hapana aliyetuomba hesabu, na lau angetuomba mtu mzima yamkini tungeudhika, tukasema kuwa hatujavunja kanuni yoyote. Usiku ule tulihesabu. Kwenye daftari zilipungua shilingi 46,000. Nyingi twajua zilikokwenda, ni maji na mkeka na nauli ya mwalimu mgeni, lakini hatukuandika; na nyingine hatujui. Tulizijaza kutoka mfukoni mwetu.

Ijumaa iliyofuata tuliwaita wazazi watatu baada ya sala, tukafungua sanduku mbele yao, na kijana yule akaandika hesabu kwa mkono wake. Ufunguo sasa u kwa mzazi mmoja wa mtaa wa pili. Tarehe ya yeye kuukabidhi kwa mwenziwe imeandikwa juu ya jalada la daftari.